GARI LETU: Kabla hamjanunua giaboksi nyingine

Safu hii imezoea mambo ya moyo na ya mfuko, lakini mwezi huu nakupeleka gereji, na tafadhali usifunge ukurasa kwa kudhani haya ni ya wanaume. Katika barua zinazofika mezani kwangu, ukiacha mawifi na simu za saa sita usiku, sioni kitu kinachowagombanisha wenzi wanaofanya kazi kama gari la zamani lililoanza kusumbua. Mmoja anataka liuzwe. Mwingine anataka litengenezwe. Katikati yao yupo fundi, ambaye ndiye pekee anayejua anachosema, au anayejifanya anajua.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Toyota au Nissan ya otomatiki iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa ikiwa tayari imetembea Japani miaka kadhaa, ikawa gari la kwanza la familia. Limewapeleka kazini, limempeleka mama leba, limebeba sare za harusi za ukoo mzima. Sasa lina miaka ishirini na ushee. Siku moja unaweka D linasita, halafu linashtuka kama limepigwa teke. Au taa ya njano yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi na haizimi. Mnalipeleka gereji, fundi anazunguka nalo mtaa mmoja, anarudi, anafuta mikono na kutamka maneno matatu: "Giaboksi imekufa, bosi."

Maneno hayo matatu yana bei. Giaboksi ya mtumba pamoja na ufundi ni pesa ambayo kwa wengi wetu ingekuwa ada ya mtoto au awamu nzima ya kiwanja. Na mara nyingi sana hukumu hiyo inatolewa kabla kesi haijasikilizwa.

Nieleze kwa ufupi giaboksi ya otomatiki inavyofanya kazi, maana ukiijua hutatishika kirahisi. Kwenye gari la kukanyaga klachi, mguu wako ndio unaounganisha na kutenganisha injini na giaboksi. Kwenye otomatiki kazi hiyo inafanywa na oili. Injini inazungusha oili ndani ya chombo cha duara kinachoitwa toki konveta, oili inasukuma upande wa pili, gari linakwenda. Oili hiyo hiyo ndiyo inayobana klachi za ndani ili gia zibadilike, ndiyo inayolainisha vyuma, na ndiyo inayobeba joto kulipeleka kwenye rejeta likapozwe. Anayeiongoza ni kompyuta, kupitia vali ndogo za umeme ziitwazo solenoidi. Kompyuta nayo inaamua kwa habari inazoletewa na sensa: gari linakwenda kasi gani, mafuta yamekanyagwa kiasi gani, injini ina joto kiasi gani. Ikiletewa umbea, itaamua kwa umbea, hata kama giaboksi yenyewe ni nzima kabisa. Nyumba nyingi zimeharibika hivyo hivyo, lakini hayo tuliyazungumza tayari.

Kwa hiyo gari linaposhtuka wakati wa kubadili gia, ugonjwa unaweza kuwa kwenye oili, kwenye umeme, kwenye injini, au kwenye vyuma vya giaboksi. Vyuma ndivyo vya gharama kuliko vyote. Ajabu ni kwamba ndivyo vinavyoshtakiwa kwanza.

Anzeni na kijiti

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine wala fundi. Litembezeni gari kilometa kama ishirini lipate joto, liegesheni mahali tambarare, injini iendelee kuunguruma. Mguu kwenye breki, pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P mpaka chini kabisa, kisha urudishe P. Fungua boneti, vuta kijiti cha oili ya giaboksi, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena. Usichanganye na kijiti cha oili ya injini, hilo hutokea. Utaona alama mbili, COOL na HOT. Gari likiwa la moto unasoma HOT. Wenye Honda wana utaratibu wao: unazima injini kwanza, unapima ndani ya dakika moja na nusu hivi. Na kuna magari, hasa ya kuanzia miaka ya 2000 kuja juu, yasiyo na kijiti kabisa. Hayo yanapimwa kwa chini, kwa fundi anayejua joto linalotakiwa, na ukimwona fundi anakisia hapo, shika ufunguo wako uondoke.

Sasa dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Likiwa jekundu au la waridi linalopitisha mwanga, shukuruni Mungu. Likiwa la kahawia, oili imezeeka. Likiwa jeusi na linanuka kama ugali ulioungua chini ya sufuria, klachi za ndani zimeungua, na hapo lazima niseme haki: yule fundi wa maneno matatu anaweza kuwa amepatia. Likiwa la waridi lenye maziwa, kama milkshake ya stroberi, basi zimeni gari na msiliwashe tena. Maji yameingia. Oili ya giaboksi kwenye magari mengi hupozwa ndani ya rejeta, bomba lake likipita katikati ya maji. Bomba hilo likioza, maji na oili vinakutana, na maji hubandua ile sehemu laini ya klachi. Ndiyo maana nawaka nikimwona mtu anajaza rejeta maji ya bomba miaka na miaka eti kuleni ni anasa. Kuleni haizuii kuchemka tu, inazuia kutu pia. Aliyebana pesa ya kuleni anakuja kuilipa kwenye giaboksi.

Oili ikiwa imepungua, jueni inavuja, kwa sababu haichomwi kama ya injini. Angalieni sakafu asubuhi. Kupungua peke yake kunatosha kufanya gari lichelewe kuingia gia na injini ipige kelele bila mwendo kuongezeka, dalili zile zile za giaboksi "iliyokufa".

Halafu kuna hili la aina ya oili. Nyekundu si jina la oili. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinatumia T-IV, zilizofuata zinatumia WS, Nissan wana Matic, na giaboksi za mkanda zinazoitwa CVT, kama za X-Trail iliyoanza mwaka 2007, zina oili yake peke yake. Ukiweka ya kawaida kwenye CVT umeiua kwa mkono wako. Maandishi yapo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingine kwenye kijiti chenyewe. Kama kitabu ni cha Kijapani, herufi za T-IV bado zinasomeka.

Kwenye gari la zamani ambalo halijabadilishwa oili ya giaboksi tangu mlipolinunua, msikubali kusafishiwa kwa mashine ya kusukuma kwa presha. Uchafu uliotulia unaweza kung'olewa ukaenda kuziba njia ndogo za vali. Mwageni kwa kawaida, mjaze kile kilichotoka, mtembee wiki kadhaa, mrudie. Ukimwaga mara moja inatoka sehemu tu, kwa kuwa nyingine inabaki ndani ya toki konveta. Ndiyo maana inarudiwa.

Bado mko nyumbani, kuna kipimo kingine kinachotaka saa ya mkono tu, au simu. Gari la moto, injini inaunguruma taratibu, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki. Toa N weka D, hesabu muda mpaka usikie gari "linashika". Rudi N, subiri dakika moja, rudia mara tatu, chukua wastani. Fanya hivyo na R pia. Kwa Toyota nyingi muda unaotakiwa ni chini ya sekunde 1.2 kwenda D, na chini ya 1.5 kwenda R. Ikifika sekunde mbili tatu, andikeni, hiyo ni dalili ya kumpelekea fundi. Na kama linashika kwa wakati lakini kwa kishindo, mwambieni aangalie maunti za injini kabla ya kitu kingine. Zile raba zikikatika, injini inaruka na kutua, na kelele yake inasikika kama giaboksi inapasuka.

Barua kutoka Arusha

Mwaka jana nilipata barua ndefu kutoka kwa dada mmoja, mfanyakazi wa benki. Yeye na mumewe walihamia Arusha kutoka Dar mwezi wa tano, wakaja na gari lao, Corolla ya mwaka 2003. Dar halikuwa na neno. Kufika mwezi wa saba, asubuhi wakielekea Usa River, gari likawa linaunguruma mno, linakataa kuingia gia ya nne mpaka waende mbali sana, na mafuta yanakwisha kama wanaendesha lori. Fundi wa pale akawaambia giaboksi, milioni mbili na nusu. Pesa hiyo walikuwa nayo. Ilikuwa ya kiwanja.

Lililonigusa si gari. Mume alimwambia mkewe kwamba ameua giaboksi kwa tabia ya kuweka P gari halijasimama vizuri. Mke akajibu kwamba mume aliuziwa gari bovu na rafiki yake, alijua, akanyamaza. Yaani kila mmoja alikuwa na kumbukumbu ya zamani aliyoiweka akiba, na gari likawapa nafasi ya kuzitoa. Wiki mbili wanaongea kwa mambo ya mtoto tu. Aliniandikia akiuliza kama ni haki mwanamume kumlaumu mkewe kwa chombo cha wote.

Nilimjibu kwa maswali, kwa msaada wa fundi mmoja wa umeme wa magari ninayemwamini. Jioni kwenye foleni ya mjini linasumbua? Hapana. Mchana jua likiwaka? Kidogo. Mshale wa joto la injini unasimama wapi? Akasema zamani ulikuwa unakaa katikati, siku hizi uko chini, kwenye robo. Hakuna aliyemuuliza hilo. Gereji walikuwa wanaongea na mumewe, na mumewe hupanda daladala, gari analiendesha Jumapili.

Kumbe ufunguo ulikuwa hapo. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, kompyuta hairuhusu gia ya nne, wala haifungi toki konveta, mpaka maji ya injini yafike nyuzi joto 55 au 60 hivi. Inataka injini ipate moto kwanza. Na injini hupata moto kwa msaada wa thamostati, kile kifuniko kidogo kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike karibu nyuzi 82. Sasa mafundi wetu wengi wa pwani wana imani yao: nchi ya joto haina haja ya thamostati, ing'oe utupe, gari lisichemke. Kwenye foleni ya Ubungo usingetambua, joto linapanda tu. Lakini asubuhi ya mwezi wa saba Arusha, kwenye barabara iliyo wazi, upepo unaipoza injini kuliko inavyotakiwa, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inanyima gia ya nne na inamwaga mafuta mengi kama ya kuwashia.

Walipounganisha mashine, haikuonyesha hitilafu hata moja. Taa haikuwa imewaka hata siku moja. Lakini mashine haisomi hitilafu tu, inasoma pia kile sensa zinachosema papo hapo, na fundi aliyekaa nayo gari likitembea aliona joto la maji limegota nyuzi 54. Wakafungua nyumba ya thamostati, ndani mtupu. Mpya iliwagharimu kama chakula cha jioni cha watu wawili. Gia ya nne ikarudi. Mume ameomba radhi, anasema dada huyo, ila kwa nusu mdomo.

Taa ikiwaka

Nimeanza na gari ambalo taa haikuwaka kwa makusudi, maana wengi wetu tunaamini taa isipowaka hakuna kitu, na ikiwaka mashine itataja kifaa cha kununua. Hapana kwa yote mawili.

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, mna muda. Endesheni kwa adabu, mtafute pa kupima wiki hiyo. Ikiwa inawaka na kuzimika haraka haraka huku gari linatetemeka, punguzeni mwendo na msimame salama. Maana yake silinda moja au zaidi haichomi vizuri, mafuta mabichi yanakwenda kwenye masega ya bomba la moshi, na masega yanaweza kuyeyuka. Taa ya O/D OFF nayo imeachanisha watu na usingizi wao bure. Ikiwaka na kutulia, kuna mtu amebonyeza kitufe kilichopo kwenye mkono wa gia, bonyeza tena. Ikiwa inapepesa yenyewe, kwenye Toyota hiyo ni kompyuta inasema imeona hitilafu kwenye umeme wa giaboksi.

Kuna ushauri maarufu wa kuchomoa betri ili taa izime. Ni sawa na kufuta meseji kwenye simu badala ya kuuliza ilitumwa na nani. Pamoja na hitilafu, mnafuta pia picha ya hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo, joto, mizunguko ya injini. Hiyo picha ndiyo ushahidi wenu. Someni kwanza, andikeni, ndipo mfute.

Namba zenyewe mafundi wanaziita kodi, na si za TRA. Kwenye mfumo wa kawaida zinaanza na herufi, P ikiwa ni injini na giaboksi, kisha tarakimu nne. P0301 ni silinda ya kwanza haichomi vizuri. Haijasema koili imekufa. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli ya mafuta, hata vali. Kipimo chake ni cha bure: hamisha koili ya silinda ya kwanza uiweke ya tatu, futa, tembea. Ikija P0303, koili imekiri yenyewe. Ikibaki P0301, koili haina hatia. Fundi akikwambia ununue koili nne bila kufanya hivyo, muulize kwa nini. Na gari lenye silinda moja inayokosa linavuta kwa kushtuka-shtuka, abiria wote watakwambia ni giaboksi.

P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Watu hununua sensa ya oksijeni, kumbe kuna hosi ya raba iliyopasuka, kitu cha miaka ishirini kwenye joto. P0420 inalalamikia masega, na kabla ya kulaumu sensa, uliza kama bado yapo. Magari mangapi yameingia gereji na masega yakatoka bila, kwa sababu ndani yake kuna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu? P0500 ni sensa ya mwendo. Mshale wa spidi unaweza kulala na gia zikabadilika ovyo, maana kompyuta haijui tena gari linakwenda kasi gani.

P0700 ndiyo inayowatoa watu jasho. Ikitokea, fundi anasema "unaona, mashine yenyewe imesema giaboksi." Mashine imesema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko. Ni mlinzi wa getini anayesema ndani kuna kelele. Inabidi mashine iingie kwenye giaboksi isome namba ya pili. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vinavyouzwa kwa jina la ELM327, ambavyo bei yake haifikii tanki moja la mafuta, vingi vinasoma injini tu na kuishia getini. Bado nashauri kila nyumba yenye gari kuukuu iwe nacho, ila mjue kinakofika.

Hata namba ya pili si hukumu. P0750 na P0755 zinataja solenoidi za kubadili gia, vitu vinavyokaa ndani ya giaboksi, kwa hiyo fundi anashusha giaboksi. Nchini Marekani wenye RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 walilijua hilo kwa uchungu. Magari yao yalianza kubadili gia kwa vishindo, namba zikataja solenoidi, wengine wakabadilishiwa giaboksi nzima, na vishindo vikarudi. Tatizo lilikuwa kompyuta ya injini iliyokuwa inatoa amri mbovu, na Toyota ikaja kuongeza dhamana ya kompyuta hiyo mpaka miaka 10 au maili 150,000. RAV4 za umri huo zipo nyingi barabarani kwetu. Kama ni yenu, kabla ya kushusha giaboksi, fundi wa umeme apime waya za solenoidi na amri inayotoka kwenye kompyuta. Ni kazi ya mita ya umeme na saa moja.

Wenye magari ya miaka ya 90, zile Mark II, Corolla 110 na wenzake, msishangae kifaa cha bluetooth kikikataa kuunganishwa, hata soketi iwe inafanana. Magari mengi ya soko la Japani ya wakati huo yanaongea lugha yake. Fundi wa zamani anaifahamu: kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti anaunganisha kwa kipande cha waya tundu la TE1 na la E1, anawasha swichi bila kupiga stata, halafu anahesabu taa inavyopepesa. Kwa giaboksi anahesabu ile ya O/D OFF. Inapepesa sita, inatulia, inapepesa mbili: 62, solenoidi ya kwanza. 63 ni ya pili, 64 ni ya kufunga toki konveta, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza niliona kama telegrafu. Msijaribu wenyewe kama hamna hakika ya matundu, mkikosea mnaweza kuunguza kompyuta.

Nani aongee na fundi?

Mimi nasema anayeliendesha. Kama ni mama, aende mama, na fundi akisema "mwambie mzee anipigie", amjibu kwamba mzee hajui gari linalia saa ngapi. Msiende na jina la ugonjwa. Ukisema "nahisi giaboksi", umeshamwandikia fundi risiti. Nenda na dalili: linachelewa sekunde tatu kuingia rivasi, asubuhi tu, tangu wiki ya sikukuu, baada ya kubadilisha rejeta. Wekeni daftari dogo kwenye dashibodi, kila mmoja aandike anachokiona, na ambaye haendeshi asicheke.

Na kabla ya mtu yeyote kutoa pesa ya giaboksi, muwe mmeona kwa macho yenu wote wawili tone la oili kwenye tishu na namba iliyosomwa, kama ipo. Mkiafikiana kweli kwamba giaboksi ni ya kubadilisha, kwa mfano oili nyeusi, vipande vya chuma kwenye sampo, gari halirudi nyuma kabisa, sawa, badilisheni. Ya zamani irudi nyumbani au ibaki kwa makubaliano ya bei, na ile mpya yenu ya mtumba isafishiwe njia za rejeta kwanza, la sivyo uchafu wa marehemu utamfuata mrithi. Likivutwa kwenda gereji, magurudumu yanayoendesha yasiguse chini, kwa Corolla na wenzake ni ya mbele.

Wengi wenu najua mtasoma haya na kusema basi tuuze, tununue la mtu mwingine aliyelitunza. Vizuri. Mkienda kuliona, washeni swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake hapo, kisha izime injini ikiunguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu au ameiziba. Pigeni na mashine muangalie kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa karibu yote hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa siku chache zilizopita, na hakuna anayefuta kumbukumbu ya gari zima wiki ya kuliuza. Mwambieni muuzaji asiliwashe mpaka mfike, kwa kuwa magonjwa mengi ya giaboksi hujitokeza asubuhi gari likiwa la baridi na kujificha likipata moto. Mkifika, kabla hata ya kusalimiana sana, wekeni kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, mwulizeni alikuwa ametoka wapi.